Kuufuata mvuke Unguja na Pemba: mwongozo kwa anayependa mitambo ya zamani

Nianze na onyo, usije ukanilaumu njiani. Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja, ukamwuliza mtu wapi pana injini ya mvuke ya kutazama, atakupima kwa macho juu mpaka chini, kisha atakuonesha boti. Usitarajie jengo lenye mtambo uliopakwa mafuta ukang'ara, na fundi mwenye ovaroli anayekufungulia vali saa nne kamili. Injini ya reli ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ilikatwa ikawa chuma chakavu tangu alipofariki mwaka 1888. Gari la moshi la Bububu liliacha kubeba abiria mwaka 1922, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa.

Hata hivyo safari ipo, tena nzuri. Njia ya maji na njia ya reli unaweza kuzipita kwa miguu, na mvuke wenyewe, ulio moto na unaopiga mluzi, utaukuta Pemba ukiendelea na kazi yake. Mimi huwapangia wageni wangu siku tatu: moja Unguja, moja ya kuvuka bahari, na asubuhi moja Wawi, Pemba, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu. Mwenye haraka aende Wawi peke yake. Ila atakosa hadithi ya njiani.

Kwanza, kaa jikoni dakika tano

Sina mzaha. Teleka sufuria ya wali, funika, ngoja maji yachemke. Utaona mambo mawili. Kifuniko kitaanza kucheza na kugonga. Ukikifunua, chini yake kimetoka jasho, matone yanadondoka. Mambo yote ya mvuke yamo katika hayo mawili.

Kifuniko kinacheza kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mno, karibu mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo yakiwa maji. Ukiunyima mvuke nafasi hiyo, utasukuma chochote kilicho mbele yake. Jasho nalo ni kinyume chake: mvuke umegusa chuma kilichopoa, umenywea, umerudi kuwa maji. Thomas Newcomen, Mwingereza aliyetengeneza pampu ya mvuke ya kukausha maji machimboni mwaka 1712, alitegemea zaidi huku kunywea. Aliujaza mvuke kwenye silinda, akaurashia maji baridi, na ule utupu uliobaki ndani ukaivuta pistoni chini. Tatizo ni kwamba silinda ilipozwa na kupashwa moto upya kila pigo, na kuni na makaa vikateketea bure. James Watt alichofanya, kwa hataza yake ya mwaka 1769, ni kuupeleka mvuke ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ikabaki moto muda wote. Kikumbuke sana hicho chombo cha pembeni, kwa kuwa utakutana nacho Wawi.

Ukiwa na ndugu London, na sisi Wazanzibari nani hana, akupeleke Kempton Park magharibi ya jiji siku wanayowasha mtambo. Humo mna injini mbili za kusukuma maji zilizoanza kazi mwaka 1929, kila moja ina urefu wa futi 62, yaani kama mita 19. Ziliacha kazi mwaka 1980, na moja imefufuliwa na watu wanaojitolea tu, wazee wengi wao. Jiji lile halina namna, maji yake lazima yasukumwe.

Mji wetu haukuhitaji jitu kama hilo, na sababu yake ndiyo hatua inayofuata.

Panda 502 mapema, ushukie Bububu

Daladala za Bububu ni namba 502. Panda asubuhi, kabla jua halijakaa sawa, kwa sababu kurudi utakuwa ukisimama simama njiani. Chukua chupa ya maji, kofia au mtandio, na viatu vya kutembelea. Nguo ziwe za heshima. Utapita vijijini mwa watu na mbele ya misikiti.

Unachokwenda kukitafuta Bububu ni Chemchem. Ni chemchem kweli, na jina la mahali ni hilohilo. Kutoka huko Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mtaro wa mawe na mabomba. Hakuweka pampu wala boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Chanzo kiko juu kuliko mji, na maji yalishuka yenyewe kwa mteremko. Mtu huyu alikwisha kukaa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alikwenda London. Alikwisha kuona miji yenye maji ya bomba, na kwake akakuta mteremko umemfanyia nusu ya kazi.

Chanzo hicho bado kinatumika, kwa hiyo si mahali pa kuingia na ndala ukapige picha. Mtafute sheha, kiongozi wa mtaa, au yeyote wa mamlaka ya maji, jieleze, ukikataliwa rudi kwa adabu. Mara ya kwanza nilikataliwa, nikaishia kukaa barazani kwa mzee mmoja anayeuza kahawa, na kusema kweli nilifaidi zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta maji au unatafuta gari la moshi? Maana wanaokuja na madaftari hutafuta kimoja katika hivyo."

Nikamwuliza habari ya jina. Akasema ni gari: lilikuwa likija huku likitutuma, bu-bu-bu-bu, watoto wakaliita hivyo na mji ukachukua jina. Hadithi hii utaisikia kwa kila mtu, na kwa watembeza wageni utaisikia mara mbili. Ni tamu lakini haisimami. Reli ilifika Bububu mwaka 1905. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, tena anaitaja kama mahali alipokuwa akiishi yeye mwenyewe kabla hajaondoka Unguja. Jina limelitangulia gari. Wengine husema ni mlio wa maji yanayobubujika, na sikio langu linakubaliana nao, ila mzee sikumbishia. Alikwisha kunitilia kikombe cha pili.

Rudi mjini polepole, kwa njia ya maji na ya reli

Kutoka Bububu hadi Ngome Kongwe ni maili saba, yaani kilomita 11 na ushei. Reli ilikuwa na urefu huohuo. Ijenge kichwani kwanza kabla ya kuitembea. Kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co., ndiyo iliyoilaza, upana wake futi tatu tu kutoka chuma hadi chuma, nyembamba kwa sababu ilipaswa kupenya mitaani. Mjini ilipita karibu na kuta za nyumba. Mvuke una tabia moja ambayo watu wa dizeli hawaijui: unapikwa kwa moto wa kweli, na moto hurusha cheche kupitia bomba la moshi. Mji wa wakati ule ulikuwa na mapaa mengi ya makuti. Reli ya Bububu ikapata sifa mbaya ya kuwasha moto njiani. Serikali iliinunua mwaka 1911, barabara zikatengenezwa, magari yakaja, na 1922 abiria wakahama. Baada ya hapo ilibeba mawe ya kujazia bandari, mpaka nayo kazi hiyo ikaisha.

Kwa hiyo sehemu ya mawe chini ya miguu yako pale bandarini yaliletwa na gari la moshi. Mimi hilo hunifurahisha kuliko ambavyo ingenifurahisha injini iliyowekwa juu ya saruji na kupigwa rangi.

Usijaribu kuitembea njia yote. Magari ni mengi na pembeni hakuna nafasi. Panda daladala za kuelekea mjini na ushuke mara mbili.

Kwanza Mtoni. Kasri la Sayyid Said limebaki kuta. Tazama maji yalivyopitishwa na mabwawa ya kuogea, halafu endelea. Hapa mvuke haupo.

Pili Maruhubi, na hapa kaa. Kasri lilijengwa na Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Wageni hupiga picha nguzo zile nene zilizosimama bila paa, wakaondoka. Wewe nenda kwenye mabirika. Ni makubwa, yamezeeka, na maji yake yameota yungiyungi. Kando yake tafuta mabaki ya mtaro uliokuwa ukiyajaza. Chuchumaa utazame kimo chake ukilinganisha na mdomo wa birika, utaelewa hesabu ya fundi: maji yaende, lakini yasiende kwa haraka ya kubomoa, na yafike yakiwa bado na kimo cha kuingia. Ni kazi ya jicho na timazi. Mteremko ukikosewa hatua kumi, maji yanasimama njiani na mbu wanahamia.

Kutoka Maruhubi nenda moja kwa moja Hamamni, ndani ya Mji Mkongwe. Hamamu hii ya umma ilijengwa katika enzi ya Barghash, na fundi wake anatajwa kuwa Haji Gulamhussein. Mlango mara nyingi hufungwa, na mwenye ufunguo yuko jirani. Uliza barazani, mtoto atatumwa. Kuna kiingilio kidogo. Ukiwa na kitambulisho cha Mzanzibari au cha Mtanzania kitoe mapema, bei si moja. Ndani omba uoneshwe palipokuwa moto na jinsi joto lilivyopitishwa chini ya sakafu. Hapa ndipo maji ya mteremko yalipokutana na kuni, na mvuke ukatokea, japo ulikuwa wa kumtoa mtu jasho. Haukuzungusha gurudumu lolote.

Forodhani, saa za alasiri

Jihadhari na papasi, wale wanaowaandama wageni mitaani. Mmoja aliniambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba anajua lilipo "gari la Sultani", shilingi elfu kumi tu. Nilikwenda naye kwa ubishi wangu. Tulizunguka vichochoro robo saa tukaishia duka la vinyago la shemeji yake. Kule hakuna gari, lakini nilinunua kijiko.

Simama mbele ya Ngome Kongwe. Wareno walikuwa na kanisa hapa, Waomani wakajenga ngome juu yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli. Hapa ndipo mwanzo wa safari ya Bububu. Abiria wa meli za ng'ambo walikuwa wakishuka, wakapanda gari, wakatembezwa shambani wakarudi kabla meli haijang'oa nanga. Utalii wa nusu siku haukuanza jana.

Geuka utazame Beit al-Ajaib. Ilijengwa 1883, na ndiyo iliyokuja na taa za umeme na lifti watu wakabaki midomo wazi. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Itazame kwa nje, na usiruke uzio wa mafundi kwa ajili ya picha. Barghash alikuwa na reli yake binafsi pia, nayo ilikuwa ya maili saba, kutoka kasri la mjini kwenda Chukwani. Ilianza mwaka 1879 ikivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke ya magurudumu manne kutoka kwa Bagnall wa Uingereza. Alipofariki, hakuna aliyeona haja yake. Usipoteze muda kwenda Chukwani kuitafuta.

Sasa tazama bahari. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyokwisha kabla chai haijapoa, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa hapa mbele. Milingoti yake mitatu iliendelea kuchomoza majini hadi mwaka 1912, ilipovunjwa na kuuzwa chuma. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetia nanga hapahapa ikisafisha maboila na kutengeneza injini. Ni kama fundi amelaza gari lako mbavu juu, halafu mwizi anaingia uani. Meli ya mvuke iliyozima moto haiondoki kwa kugeuza ufunguo. Maji lazima yapashwe kwanza, presha ipande taratibu, na hiyo ni kazi ya saa nyingi. Königsberg ya Wajerumani ilitokea Rufiji, ikaipiga Pegasus ikiwa haina mvuke wa kujiokoa, Pegasus ikazama. Königsberg nayo haikufika mbali. Injini yake yenyewe iliharibika, ikarudi kujificha Rufiji, na vyuma vyake vikabebwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo unachokiona kaskazini. Ukitaka kwenda, patana na mwenye boti bei ya kwenda na kurudi kabla hujatia mguu majini, na ulipe ukirudi. Bandari yenyewe usiipige picha bila kuuliza.

Kula urojo, lala mapema.

Kuvuka

Boti za Pemba huondokea Malindi, nyingi huteremsha Mkoani. Kitambulisho ni lazima, tiketi ikatwe kabla ya siku yenyewe. Kusi likivuma, mkondo wa Nungwi haumwonei mtu haya. Kula kidogo, kaa katikati ya chombo, tangawizi mfukoni. Mkoani panda gari za 603 za Chake Chake. Njia ni ya vilima na mikarafuu, na kama ni msimu utaona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi mpaka ukingoni mwa lami, dereva anapishana nazo kwa heshima kuliko anavyopishana na watu.

Wawi: hapa usiwe na haraka

Kiwanda cha makonyo kiko Wawi, nje kidogo ya Chake. Ni cha Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968. Bodaboda wote wanakijua, na hata asiyekijua atafuata pua.

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Aliyelelewa Pemba amekaa nayo: usiku, taa katikati, ukoo mzima umezunguka rundo, kishada cha karafuu kiganjani, kidole gumba kinasukuma, karafuu kulia, makonyo kushoto. Kule kwingine yangetupwa. Hapa yanauzwa, na kiwandani yanatolewa mafuta kwa mvuke.

Namna ya kwenda ni hii. Epuka Ijumaa. Mimi nilifika Ijumaa saa sita na nusu, nikamkuta mlinzi na kuku wawili. Kosa langu, na mimi Mwislamu nilipaswa kujua. Nenda siku ya kazi asubuhi, anzia ofisini, jitambulishe, ulizia kiingilio cha siku hiyo, omba mtu wa kukutembeza. Uliza pia kama mtambo umewashwa, kwa sababu mvuke haupikwi kila siku. Ukiambiwa kesho, rudi kesho. Nafasi ni kubwa zaidi msimu wa karafuu, ambao kwa kawaida huanza katikati ya mwaka ukavuka hadi mwanzoni mwa mwaka mwingine. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mwenye buibui refu alikunje, mwenye kanzu vilevile. Watoto wadogo wabaki na mtu nje.

Ndani, anza kwenye boila. Usiende kwanza kwenye mafuta kama wanavyofanya wengi. Tafuta vitu viwili: saa ya presha, na kioo cha maji, kile kijibomba cha kioo kilichosimama ubavuni. Mpishi wa boila anayejua kazi hutazama kioo kuliko anavyotazama saa. Maji yakishuka chini ya kiwango, chuma kinachoguswa na moto hukosa cha kukipoza, hulainika, na boila inaweza kupasuka. Zamani, zama za Newcomen na za Watt na za gari la Bububu, hofu ilikuwa ni hiyohiyo moja. Mwulize mpishi anachochea nini, na anachochea kila baada ya muda gani. Atafurahi, wageni wengi humpita.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kiwandani alinifundisha jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu cha skuli. Nilikuwa nimenyoosha kidole kwenye wingu jeupe linalotoka kwenye bomba.

"Mvuke ule," nikasema.

"Siyo, mwanangu. Lile ni wingu. Tazama pale mdomoni mwa bomba, kabla ya weupe kuanza."

Nikatazama. Kati ya mdomo wa bomba na wingu palikuwa na nafasi ya kama shubiri moja, haina kitu. Hewa tupu, ungedhani.

"Hapo ndipo penyewe. Mvuke wa kweli hauonekani. Ukishaonekana, umeshaanza kuwa maji. Weka mkono kwenye weupe utalowa. Weka pale pasipo na kitu, ngozi itabaki pale."

Basi iwe ndiyo kanuni yako ya usalama humo ndani: usiguse bomba lolote, hasa lile linaloonekana limetulia, na usipitishe mkono mahali unapodhani ni pa hewa.

Kutoka kwenye boila mvuke huingia chini ya matangi makubwa yaliyoshindiliwa makonyo na kufungwa. Unapanda katikati ya vijiti na kuyaamsha mafuta. Sasa sikiliza ajabu hii. Kiini cha mafuta ya karafuu kinaitwa eujino (kwa Kiingereza eugenol), nacho kikiwa peke yake hakichemki mpaka nyuzijoto 254. Ungekipika kwa moto wa kawaida ungekiunguza kwanza. Kikifuatana na mvuke, kinatoka hata kabla ya nyuzijoto 100, kama mtu mzito anayekubali kwenda harusini mradi apate wa kuandamana naye. Mchanganyiko huo hupelekwa kwenye mabomba yanayopozwa kwa maji baridi. Hicho ndicho kile chombo cha pembeni cha Watt, na ndilo jasho la chini ya kifuniko cha wali wako. Watt alikitumia kupata nguvu na kuyamwaga maji. Wawi hawana haja na nguvu, wanataka kilichokuja na mvuke.

Mwishoni omba uoneshwe chombo cha kutenganishia, na ukae hapo mpaka uone. Sisi tumezoea mafuta kuelea: ya nazi yanaelea, ya taa yanaelea. Ya makonyo yanazama. Ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo yanakusanyika chini, rangi ya chai nyepesi, na maji yanakaa juu yake yakiwa na weupe wa wingu. Ukibahatika wakawa wanapika mchaichai siku hiyo, mambo hugeuka, mafuta yanapanda juu. Chombo kimoja, mimea miwili, bomba la kuchotea linahama. Kwa makonyo, kilo mia moja hutoa kama kilo tano au sita za mafuta. Muulize anayekutembeza upishi wao wa mwisho ulitoa kilo ngapi, kwa kuwa ukavu na umri wa makonyo vyote vina maneno yake.

Mafuta haya ndiyo yanayokaa kwenye dawa ya meno iliyokuuma ulimi kwa daktari. Eujino ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hugeuka saruji laini ya kuzibia jino. Nikimwambia hayo mgeni hushika shavu.

Watakuuzia chupa ndogo, nunua. Isiwe ya plastiki, na ukirudi nyumbani usiimimine kwenye kichupa cha plastiki kwa kubana matumizi. Mafuta ya karafuu huila baadhi ya plastiki, hasa ile ngumu inayong'aa kama kioo. Kaza kifuniko, isimamishe wima, ifunge kwenye mfuko wake peke yake, mbali na nguo. Mimi niliilaza ndani ya begi pamoja na kanzu, na bahari ya Nungwi ikafanya yake. Kanzu imefuliwa mara saba sasa. Nikisimama safuni msikitini, wa kulia kwangu bado hugeuka kidogo, akavuta pumzi.